Koni au Maua? Ujue Mti Wako Kabla ya Kuupanda

Mvua ndefu zikikaribia, wakazi wengi wa Kanduyi hutafuta miche ya kupanda mpakani, na malalamiko huwa yale yale: "Nilikata ua wangu wa saipresi ili uchipuke upya, ukakauka wote." Ua hapa ni uzio, si ua la kuchanua. Saipresi haina ua la kuchanua hata moja, na hapo ndipo maelezo yetu yanapoanzia.

Mimea inayozaa mbegu ina makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza huzaa mbegu zilizo uchi, yaani hazifungwi ndani ya tunda. Nyingi hukaa juu ya magamba ya koni. Humo mna saipresi na msonobari, na katika msitu wa Mlima Elgon mna mtarakwa na podo. Kundi la pili hutoa maua, na mbegu hukua ndani ya kifuko cha ua ambacho baadaye huwa tunda. Kundi hili ndilo kubwa zaidi: duniani lina takriban spishi 300,000, ilhali lile la mbegu uchi lina kama 1,000 tu.

Karibu kila chakula chetu hapa Bungoma kinatoka kwenye kundi la maua. Ganda la maharagwe ni tunda. Hata punje ya mahindi ni tunda kamili, ila ganda lake limeshikana na mbegu. Mbelewele iliyo juu ya mmea ni maua ya kiume, na kila unywele wa hindi changa huelekea kwenye punje yake moja. Unywele usipopata chavua, punje hiyo haijai. Ndiyo sababu ya yale mapengo unayoyaona kwenye hindi.

Mahindi hukomaa kwa miezi michache. Koni ya msonobari huchukua takriban miaka miwili tangu ipate chavua hadi mbegu ziive. Ukitaka mbegu za saipresi, chuma koni zilizogeuka rangi ya kahawia kabla hazijafunguka, uzianike juani kwenye turubai. Zitafunguka zenyewe na mbegu zitadondoka.

Usiamini macho tu. Mvinje una majani kama sindano na vitunda vinavyofanana na koni ndogo, lakini ni mti wa maua. Podo nayo hudanganya kinyume chake: mbegu yake ina nyama kama tunda na ndege huila, ila ni ya kundi la mbegu uchi. Na mkaratusi, ambao wengi wetu huupanda bega kwa bega na saipresi kama ndugu wawili, ni mti wa maua, na nyuki huufuata.

Sasa turudi kwenye ule uzio. Saipresi ikikatwa hadi kwenye matawi makavu yasiyo na majani ya kijani, haichipuki tena, na kisiki chake hufa. Msonobari pia ni hivyo. Kwa hiyo punguza ncha za kijani pekee, mara kwa mara, kuanzia mti ungali mchanga. Ukiona matawi yanageuka kahawia bila kukatwa, chunguza vidukari: wale wa saipresi waligunduliwa Kenya mwaka wa 1990 na walikausha nyua nyingi. Mkaratusi na siala huchipuka kutoka kisikini, hivyo upandaji mmoja huweza kukupa fito zaidi ya mara moja. Si kila mti wa maua hufanya hivyo, na mkaratusi usiupande karibu na mto au chemchemi.

Mwenye mizinga naye asitegemee saipresi. Chavua yake hubebwa na upepo, wala haina nekta.

Hata hivyo miti ya koni ina kazi yake. Saipresi hutoa mbao nzuri za paa na milango. Nyuzi za msonobari ni ndefu na huipa karatasi nguvu, na kiwanda cha karatasi cha Webuye, kilichoanza miaka ya 1970 na kufungwa 2009, kiliutumia kwa wingi.

Ukiwa na shaka kuhusu mche, beba tawi lenye koni au maua umwonyeshe afisa wa kilimo wa wadi yako kabla ya kununua.