Mlango Uliofungwa Meru

Tulifika Meru jioni, baada ya safari ndefu kutoka Mombasa kupitia Nairobi, Embu na Chuka. Tulichukua kapu la maembe, halua, na shauku ya kumkumbatia binti wa ndugu yetu, mtoto wa miaka 9 aliyekuwa ameanza matibabu ya saratani ya damu wiki mbili kabla. Alikuwa amepewa ruhusa arudi nyumbani kungoja dawa ya awamu nyingine. Mama yake alitupokea uani, mtaani Majengo, akatusalimu kwa mbali, kisha akasema: "Msinilaumu, ndugu zangu. Leo hamtaingia chumbani."

Hatutaficha kwamba tuliumia. Kumzuru mgonjwa ni haki ya Muislamu juu ya nduguye, na kufungiwa mlango ni jambo zito kwetu. Shangazi yake mtoto alinung'unika kwamba wifi yake ameota kiburi. Lakini mama yule alipotukalisha barazani na kutueleza, tuliona haya. Yale aliyotufunza ndiyo tunayowaletea wasomaji wetu wiki hii.

Damu hutengenezwa katika uboho, ndani ya mifupa. Saratani hii huujaza uboho chembe mbovu, na dawa za mwanzo huziangamiza chembe hizo. Ila dawa haichagui: huangusha pia chembe njema. Kwa hiyo mara nyingi katika wiki ya pili na zaidi, mgonjwa huwa dhaifu kuliko alivyokuwa, hata kama dawa inafanya kazi yake vyema. Familia isiyojua hili hudhani tiba imeshindwa, na wengine huiacha njiani.

Vitu vitatu hupungua. Chembe nyekundu zikipungua, mgonjwa huchoka, hupauka na kuhema upesi. Chembe za kugandisha damu kwa kawaida huwa 150,000 au zaidi katika mikrolita moja ya damu. Zikishuka mno, ufizi na pua hutoka damu, ngozi huvilia, na kwa mwanamke hedhi huweza kuzidi mpaka ikawa hatari. Asione haya kumwambia daktari. Tatu ni zile chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu. Zikiwa chini ya 500 katika mikrolita moja, mwili hauna askari. Mafua yanayotusumbua sisi siku mbili huweza kumuua mgonjwa huyo.

Hapo ndipo tulipoufahamu ule mlango. Miongoni mwetu mmoja alikuwa akikohoa tangu Nairobi.

Nyumba ile ilikuwa na kanuni zake. Kila aingiaye hunawa kwa sabuni. Mwenye kikohozi, homa au tetekuwanga haingii kabisa. Chakula hupikwa kikaiva barabara na kuliwa kingali moto. Hapana kachumbari, mayai mabichi wala maziwa yasiyochemshwa. Maembe yetu yalipokelewa, yakaoshwa na kumenywa na mama mwenyewe. Mtoto alisafisha meno kwa mswaki laini mno, asijichubue ufizi. Jirani mmoja aliyeshauri hijama alijibiwa kwa upole kwamba kuchanja ngozi ya mtu ambaye damu yake haigandi ni kumtia katika hatari. Aspirini nayo haikuruhusiwa, kwani huzidisha kutoka damu.

Juu ya rafu palikuwa na kipimajoto. Usiku wa pili kilionyesha nyuzi 38.3. Sisi tungempa dawa ya kutuliza homa tukangoja asubuhi. Mama hakungoja. Madaktari walikuwa wamemuonya kwamba kwa mgonjwa wa namna hii, homa ya nyuzi 38 ni dharura, na kwamba dawa ya kutuliza homa huweza kuificha hatari bila ya kuiondoa. Alimfunga mtoto kanga, akachukua mkoba uliokuwa tayari mlangoni na karatasi za matibabu ndani yake, wakaenda hospitali kuu ya Meru usiku uleule. Alitundikiwa dawa ya kuua vijidudu kupitia mshipani, kisha akaongezewa damu. Alhamdulillahi, siku ya nne homa ilishuka.

Damu ile ilitoka wapi? Kwa watu tusiowajua. Baada ya shambulio la bomu la tarehe 7 Agosti 1998 jijini Nairobi, Kenya ilijenga huduma ya kitaifa ya damu yenye vituo vya kanda, kimoja kikiwa Embu na kingine Mombasa. Chembe nyekundu huhifadhiwa wiki kadhaa, lakini chembe za kugandisha hudumu takriban siku 5 tu. Haziwezi kuwekwa akiba kama nafaka ghalani. Lazima daima awepo mtu aliyetoa damu juzi. Wachangiaji wengi ni wanafunzi wa sekondari, hivyo shule zikifungwa akiba hupungua.

Tulipokuwa tukirudi tulisimama Embu. Shangazi aliyenung'unika ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Mwenye afya njema, umri wa miaka 16 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50 anaweza kutoa. Mwanamume kila baada ya miezi 3, mwanamke miezi 4. Kwa wagonjwa wenyewe, tukumbuke kwamba Qur'ani katika Suratul Baqara imewapa ruhusa ya kula mchana wa Ramadhani. Asilaumiwe aitumiaye ruhusa ya Mola wake.

Kabla ya kuondoka tulimuaga mtoto kupitia dirishani. Alikuwa amevaa kofia ya sufi, nywele zikianza kumtoka. Tukamwombea dua, naye akaitikia amina kwa sauti ndogo, akacheka kumwona babu yake amejifunika barakoa hadi machoni.

Tuliondoka bila ya kumkumbatia. Tulimzuru kwa dirisha, kwa dua na kwa damu, na tunatumai kwa Mwenyezi Mungu kwamba ziara hiyo imehesabiwa kuwa ziara kamili.