Utunzaji wa Vifaa vya Maabara Unavyoamua Ubora wa Barabara

Mnyuzi, iliyopo wilayani Korogwe mkoani Tanga, inafahamika zaidi kwa makutano ya reli, kwani hapo ndipo njia itokayo Ruvu, iliyojengwa mwaka 1963, inapoungana na reli ya Tanga. Hata hivyo, kabla mazao ya mkulima hayajafika kituoni au sokoni hupita barabarani, na uimara wa barabara hauonekani kwa macho. Hupimwa, na kipimo nacho hutegemea vitu vidogo ambavyo mwananchi hana nafasi ya kuviona: mchanga, saruji, kemikali na karatasi za chujio zilizopangwa katika stoo ya maabara.

Barabara kuu na za mikoa husimamiwa na Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS), na zile za wilaya na mijini zipo chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), uliozinduliwa mwaka 2017. Mkandarasi anapomaliza kushindilia tabaka la udongo, mafundi sanifu wa maabara huchimba shimo dogo katika tabaka hilo, hupima uzito wa udongo uliotoka, kisha hulijaza shimo kwa mchanga maalumu ambao uzito wake kwa kila lita unajulikana. Uzito wa mchanga uliotumika hutoa ujazo wa shimo, na kutokana na ujazo huo hupatikana kiwango cha ushindiliaji.

Mchanga huo si mchanga wa mtoni uliochotwa kwa koleo. Huoshwa, huchekechwa na kukaushwa. Wengi hudhani kwamba baada ya hapo ungefaa kufungiwa katika chombo kisichopitisha hewa, lakini utaratibu wa kitaalamu unaelekeza kinyume: uhifadhiwe katika chombo chenye kifuniko kisichobana, kwa takriban siku 7, ili unyevu wake ulingane na ule wa hewa ya mahali hapo, kisha uchanganywe vizuri na kupimwa upya kabla ya kutumika. Kwa sababu hiyo, mchanga uliopimwa katika hewa kavu ya Dodoma hauwezi kutumiwa Mnyuzi, kwenye joto na unyevu wa bonde la Mto Pangani, kwa kutegemea namba ileile iliyoandikwa kwenye lebo.

Hesabu ifuatayo ni ya mfano tu. Lebo inasema lita moja ya mchanga ina uzito wa kilo 1.45, lakini kwa kuvuta unyevu chembe zimeachana na lita hiyo sasa ina kilo 1.42. Fundi atakayeendelea kutumia namba ya zamani atapata shimo dogo kuliko lilivyo, na ushindiliaji utaonekana mkubwa kwa takriban asilimia 2. Tabaka lililofikia asilimia 94 litasomeka 96. Ikiwa mkataba unataka asilimia 95, kazi iliyopaswa kurudiwa itapokelewa na kulipwa kwa fedha za umma, na kasoro itajitokeza mvua za masika zikishaanza.

Saruji huleta kosa la upande mwingine. Mifuko iliyowekwa juu ya sakafu au kuegemezwa ukutani huvuta unyevu na kupoteza nguvu. Ikitumika katika majaribio ya kuimarisha udongo, udongo huonekana dhaifu kuliko ulivyo, na mhandisi huongeza saruji isiyohitajika katika kilomita zote za mradi. Ndiyo maana mifuko hupangwa juu ya vichanja, mbali na ukuta, na iliyoingia kwanza hutoka kwanza.

Dawa ya kutenganisha chembe za udongo kabla ya kupima ukubwa wake nayo haidumu ikishachanganywa na maji. Hutengenezwa upya karibu kila mwezi, hivyo chupa isiyo na tarehe haina thamani hata ikiwa imejaa. Karatasi za chujio zinahitaji kabati kavu tu.

Viyeyusho vya kuosha lami ni suala la usalama wa watu. Huwekwa mbali na tanuri na moto, katika chumba chenye hewa ya kutosha, na asidi hazikai rafu moja na magadi makali. Usimamizi wa kemikali hizo upo chini ya sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Kinachounganisha yote hayo ni leja ya stoo. Kila chombo huwa na jina, tarehe ya kupokelewa, tarehe ya kufunguliwa na kiwango ambacho kikifikiwa ombi jipya la ununuzi huandaliwa. Kiwango hicho kisipowekwa, mchanga huisha katikati ya wiki ya kazi, na mkandarasi anayesubiri majibu ili aweke tabaka linalofuata husimamisha mitambo. Au, jambo baya zaidi, hulifunika tabaka ambalo halijapimwa.