Kupasuliwa Si Mwisho wa Tiba

Mgonjwa wa saratani ya ini akipasuliwa na kurudi nyumbani, jamaa hushangilia, naye hudhani safari imekwisha. Sivyo, ndugu. Katika wagonjwa 10, hata 7 hurudiwa na ugonjwa kabla ya miaka 5 kupita. Wala tusidanganyane juu ya dawa: vidonge vya sorafenibu vilijaribiwa baada ya upasuaji, na matokeo ya mwaka 2015 yalionyesha kuwa havikuzuia ugonjwa kurudi. Lililo mikononi mwetu ni kurudi hospitali kila baada ya miezi michache kupimwa ini na damu, na mwenye homa ya ini ya B kumeza dawa yake bila kukatiza. Basi twawaomba wasimamizi: mfanyakazi akitaka ruhusa ya kwenda kupimwa, mpeni. Siku ya kazi hulipika; uhai haulipiki.