Kima Punju Naye Ana Haki ya Kuishi

Yanapotajwa mandhari na wanyama wa Tanzania, mawazo ya wengi hukimbilia Bara: nyumbu wa Serengeti, Bonde la Ngorongoro, theluji ya Kilimanjaro. Hatuna husuda, hiyo ni fahari ya wananchi wote. Lakini nyumbu wapo Kenya pia, ilhali kima punju, mwenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe za utosini, haonekani porini popote duniani isipokuwa katika visiwa vyetu.

Twalisema hili kwa kuwa bado wapo wanaomhesabu mnyama huyu kuwa hasara tupu. Jina lenyewe lamtia lawamani: punju ni sumu. Wakulima wanaopakana na Msitu wa Jozani wamelalamika miaka mingi kwamba anawamalizia vidaka vya minazi. Malalamiko ya mkulima hayafai kudharauliwa, maana mnazi ni wake na jasho ni lake. Hata hivyo, wataalamu waliochunguza jambo hilo, wakachapisha matokeo yao mwaka 1999, hawakuona kuwa mavuno yanapungua. Penye kima wengi nazi zilikuwa hata nyingi zaidi. Mnazi huzaa vidaka vingi kuliko unavyoweza kulea, na yamkini kima huupunguzia mzigo.

Hatari iliyo dhahiri zaidi ilikuwa gari. Barabara ya kusini inayopita ukingoni mwa Jozani ilipotiwa lami, kima mmoja aliripotiwa kugongwa kila wiki mbili au tatu. Dawa haikuwa ya gharama: matuta barabarani. Vifo vikapungua sana, ingawa havikwisha. Madereva huyanung'unikia matuta hayo. Na wanung'unike, lakini yasiondolewe. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2017 ilikuta kima zaidi ya 5,800, wengi kuliko ilivyokuwa ikidhaniwa.

Ndugu zetu wa Pemba nao wana ushahidi wao. Mwishoni mwa miaka ya 1980 popo wa Pemba, yule mkubwa alaye matunda, alikuwa karibu kutoweka kwa kuwindwa na kukatiwa misitu. Wanavijiji wa Kidike na kwingineko wakaamua kuilinda miti anayolala, na popo hao baadaye wakahesabiwa kupita 20,000. Chui wa Unguja hakupata bahati hiyo. Alidhaniwa kufugwa na wachawi, akasakwa katika miaka ya 1960, na picha iliyodaiwa kuwa yake mwaka 2018 ingali ikibishaniwa.

Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilitangazwa mwaka 2004, nalo ni jambo la kushukuru. Lakini kima hawajui mipaka. Wengi huishi nje ya hifadhi, katika misitu ya maweni inayokatwa kuni, makaa na tanuri za chokaa, na kufyekwa kwa mashamba na majengo. Tunawaomba wakuu wanaohusika, kabla hawajatia sahihi kibali cha hoteli au barabara mpya katika misitu hiyo, wapeleke watu wakaangalie kwanza ni nani anayeishi humo. Na fungu la kiingilio cha watalii lililotengewa vijiji lifike kwa wakati, bila kuzungushwa, kwa wale ambao minazi yao ndiyo inayowalisha kima.