Mieleka ya mtindo huru ilivyoingia Olimpiki, na somo lake kwa vijana wa Kanda ya Kati

Ukitaja neno mieleka mbele ya vijana wa Dodoma mjini, wengi wataanza kukusimulia ile ya kwenye televisheni: wanaume wenye misuli, majina ya kutisha, viti vinavyovunjwa migongoni na kelele za mashabiki. Hiyo ni burudani, na mshindi wake hupangwa kabla watu hawajapanda ulingoni.

Mieleka ya Olimpiki ni mchezo mwingine kabisa. Haina kiti, haina ngumi, haina teke. Mshindani anatakiwa kumwangusha mwenzake na kuyagandamiza mabega yake yote mawili chini. Hapo pambano limekwisha. Asipofanikiwa kufanya hivyo, waamuzi huhesabu pointi.

Mchezo huu unafanana sana na ule ambao watoto wengi wa vijijini wameucheza bila kufundishwa na mtu, wakiwa machungani au kwenye mchanga wa mto uliokauka. Kwa nini basi wengine wameufikisha kwenye medali na sisi umebaki machungani? Jibu tunalipata tukiangalia ulivyoingia kwenye michezo ya kimataifa zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Ngwala ndiyo tofauti

Olimpiki ina mitindo miwili ya mieleka. Wa kwanza ni wa Kigiriki-Kirumi. Humo mshindani haruhusiwi kumshika mwenzake chini ya kiuno, wala kutumia miguu yake kumwangusha. Kazi yote ni ya mikono, kifua na mgongo.

Wa pili ni mtindo huru, na jina linajieleza. Unaweza kumdaka mwenzako mguu, ukambeba mapaja, ukampiga ngwala. Chimbuko lake ni mieleka ya watu wa kawaida wa Uingereza, hasa jimbo la Lancashire, ambako kanuni ilikuwa mshike popote utakapoweza. Baharini ikavuka hadi Marekani, ikawa mchezo wa maonyesho na sherehe za mijini, na baadaye wa klabu za ridhaa.

Athens 1896: mashindano bila mizani

Olimpiki ya kwanza ya zama hizi ilifanyika Athens, Ugiriki, mwaka 1896. Mieleka ilikuwepo, lakini kulikuwa na shindano moja tu na wanamieleka watano. Hakukuwa na uzito. Mwembamba na mnene waliingia pamoja.

Mjerumani Carl Schuhmann, mtu mfupi ambaye alikuwa bingwa wa sarakasi za viungo, alimwangusha Mwingereza Launceston Elliot, aliyekuwa bingwa wa kunyanyua vitu vizito kwenye mashindano hayo hayo. Fainali kati ya Schuhmann na Mgiriki Georgios Tsitas ilikatishwa na giza, ikabidi imaliziwe kesho yake. Schuhmann akashinda.

Ni hadithi tamu ya mdogo kumshinda mkubwa. Lakini mchezo hauwezi kujengwa juu ya bahati ya mtu mmoja. Kijana wa kilo 50 akiambiwa kila mara apambane na wa kilo 90, ataacha mapema, au ataumia. Ilibidi mizani iingie.

St. Louis 1904: medali zote nchi moja

Mtindo huru uliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1904 mjini St. Louis, Marekani. Michezo hiyo ilifanyika sambamba na maonyesho makubwa ya biashara ya dunia, na mapambano ya mieleka yalichezwa Oktoba 14 na 15.

Safari hii mizani ilikuwepo. Washindani waligawanywa katika makundi saba, kuanzia uzito usiozidi kilo 47.6 hadi wale waliozidi kilo 71.7. Kwa mara ya kwanza mtu mdogo kabisa alikuwa na nafasi yake mwenyewe ya kuwa bingwa. Mmoja wao alikuwa George Mehnert, aliyeshinda katika kundi la kilo 52.2. Huo ni uzito wa karibu nusu ya gunia la mahindi la kilo 100. Miaka minne baadaye alishinda tena Olimpiki mjini London.

Kasoro ya mwaka 1904 ilikuwa kubwa. Wanamieleka wote walitoka klabu za Marekani, kwa sababu shindano hilo lilihesabiwa pia kuwa ubingwa wa ridhaa wa nchi hiyo. Kutoka Ulaya safari ilikuwa ndefu na ya gharama, na wengi hawakuja. Hivyo medali zote 21 za mieleka zilibaki Marekani. Mabingwa wawili, Charles Ericksen na Bernhoff Hansen, walizaliwa Norway, na hadi leo wanahistoria hujadiliana medali zao zihesabiwe za nchi gani.

Je, hao walikuwa wanamieleka bora duniani? Hakuna anayeweza kusema. Walikuwa bora miongoni mwa waliofika. Wakati huo huo, kulikuwa na watu wenye nguvu na ufundi Uturuki, India, Uajemi, Senegal na kwenye milima ya Nuba kule Sudan. Majina yao hayamo kwenye kumbukumbu, kwa sababu hawakuwa kwenye orodha ya waliosajiliwa.

London 1908 na pambano lililokataa kwisha

Mwaka 1908 Olimpiki ilikwenda London, na mtindo huru ukachezwa katika makundi matano ya uzito. Waingereza, wakiwa nyumbani, walichukua medali 11 kati ya 15. Tofauti na St. Louis, safari hii kulikuwa na wageni waliopata kitu: Wamarekani walishinda dhahabu mbili, Kanada na Norway zikaambulia medali moja moja.

Mwaka 1912 mjini Stockholm, Sweden, mtindo huru uliachwa nje. Ulichezwa wa Kigiriki-Kirumi peke yake, na hapo ndipo ilipoonekana hasara ya kutoweka kikomo cha muda. Martin Klein, Mwestonia aliyeiwakilisha Urusi, na Alfred Asikainen wa Finland walipambana kwa muda wa saa 11 na dakika 40 wakiwa juani. Klein alishinda, lakini alichoka kiasi kwamba hakuweza kucheza pambano la dhahabu. Medali ya dhahabu ikaenda kwa Claes Johanson wa Sweden.

Mtindo huru ulirudi Antwerp, Ubelgiji, mwaka 1920. Ilipofanyika kwa mara ya kwanza michezo ambayo leo tunaiita Jumuiya ya Madola, mjini Hamilton, Kanada, mwaka 1930, mieleka ilikuwemo kwa makundi saba. Wenyeji Kanada walishinda dhahabu zote saba. Timu zilizoshiriki zilikuwa 11, na kutoka Afrika ilikwenda Afrika Kusini peke yake. Tanganyika, wakati huo chini ya utawala wa Uingereza, haikuwepo.

Ukiyapanga matokeo haya pamoja, St. Louis, London na Hamilton, unaona jambo moja. Medali za mwanzo zilikwenda kwa waliokuwa na klabu, mizani, waamuzi na nauli ya kufika.

Afrika iliingiaje

Mwafrika aliyefungua njia katika mieleka ya Olimpiki ni Ibrahim Moustafa wa Misri, aliyeshinda dhahabu ya mtindo wa Kigiriki-Kirumi mjini Amsterdam mwaka 1928.

Kwenye mtindo huru, mfano unaotugusa zaidi ni wa Daniel Igali. Alizaliwa jimbo la Bayelsa, Nigeria, eneo lenye mila ndefu ya mieleka ya vijijini. Mwaka 1994 alikwenda Kanada akiwa nahodha wa timu ya Nigeria kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, akabaki huko. Mwaka 2000 mjini Sydney alishinda dhahabu ya Olimpiki katika uzito wa kilo 69, lakini kwa bendera ya Kanada. Kipaji kililelewa Nigeria, medali ikahesabiwa kwingine. Baadaye Igali alirudi kuliongoza shirikisho la mieleka la Nigeria.

Wanawake walisubiri zaidi. Mieleka yao ya mtindo huru iliingia Olimpiki mwaka 2004 mjini Athens, miaka 100 kamili baada ya St. Louis. Mwaka 2021, kwenye Olimpiki ya Tokyo iliyoahirishwa kutokana na korona, Blessing Oborududu aliipatia Nigeria medali ya fedha katika kilo 68.

Karibu na kwetu, mieleka ya jadi bado hai. Buganda wanaiita ekigwo. Sudan Kusini, Wadinka na Wamundari hukusanya umati mkubwa wa watazamaji. Wanuba wa Sudan wanajulikana kwa mieleka ambayo anayeangushwa tu ameshindwa. Ufundi upo.

Sheria za leo kwa ufupi

Pambano la mtindo huru sasa lina vipindi viwili vya dakika tatu, na mapumziko ya sekunde 30 katikati. Eneo la kuchezea ni duara lenye kipenyo cha mita 9 juu ya mkeka mnene. Kumwangusha mwenzako na kumdhibiti chini hukupa pointi 2. Ukimnyanyua na kumbwaga kwa ufundi mkubwa unaweza kupata 4 au 5. Ukimsukuma nje ya duara unapata 1. Ukiwa mbele kwa pointi 10, mwamuzi anamaliza pambano. Mabega mawili yakigusa chini kwa pamoja na kudhibitiwa, limekwisha bila kujali pointi.

Olimpiki ina makundi sita ya uzito kwa wanaume, kuanzia kilo 57 hadi 125, na sita kwa wanawake, kuanzia kilo 50 hadi 76. Ni marufuku kukaba koo, kukunja vidole au kumbwaga mtu kwa kichwa makusudi.

Hapa wazazi na walimu wasikilize vizuri. Vijana wanaoiga ya televisheni hurukiana shingoni na kubwagana kwa kichwa kwenye ardhi ngumu. Jeraha la shingo linaweza kumlaza mtu maisha yake yote. Mieleka yenye sheria na mwamuzi ni salama kuliko ile ya kuigana.

Kanda ya Kati inahitaji nini

Tanzania ina medali mbili za Olimpiki, zote za fedha na zote za riadha: Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, Moscow mwaka 1980. Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch Februari 2, 1974, mieleka nayo ilikuwa kwenye ratiba ya michezo hiyo hiyo. Taifa linaweza kupeleka timu kwenye mashindano makubwa, na bado michezo mingi ikapita bila jina la mtu wake.

Nafasi nayo haisubiri. Mwaka 2013 mieleka nusura iondolewe Olimpiki, ikaokolewa kwa kura Septemba mwaka huo baada ya sheria kurekebishwa ili mchezo uwe wa kasi na kueleweka. Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Glasgow 2026 imepangiwa michezo 10 tu, na mieleka haimo.

Lakini mlango mwingine umefunguka, na unawafaa watu wa nyanda kavu. Mieleka ya mchangani inatambuliwa na shirikisho la dunia. Inachezwa wima ndani ya duara la mita 7, kwa dakika tatu, na wa kwanza kufikisha pointi tatu ameshinda. Ndiyo mieleka iliyochaguliwa kwa Olimpiki ya Vijana ya Dakar, Senegal, mwaka 2026, michezo ya kwanza ya Olimpiki kupewa nchi ya Afrika. Mkeka wa bei kubwa hauhitajiki.

Mchanga upo Bahi, upo Kongwa, upo Mpwapwa. Kiangazi kikiingia, mito yetu mingi hubaki mchanga mtupu. Shule au kikundi cha vijana kinachotaka kuanza kihitaji kwanza mizani, saa, kamba ya kupimia duara, na mtu mzima aliyezisoma sheria. Pima uzito kabla ya kila shindano. Andika majina na matokeo kwenye daftari. Kisha nendeni kwa ofisa michezo wa wilaya kuulizia usajili wa klabu, kwa sababu klabu isiyosajiliwa haina njia ya kumfikisha mchezaji wake timu ya taifa.

Daftari linaonekana jambo dogo. Lakini medali 21 za mwaka 1904 zilikwenda kwa watu 21 ambao majina yao yaliandikwa na uzito wao kupimwa. Wenye nguvu waliobaki makwao bila kuandikwa, dunia haikuwajua.