Binti Hahitaji Vidonge vya Kupunguza wala Kuongeza Mwili

Mbeya na Iringa huvuna mahindi, maharage, viazi na parachichi kwa wingi. Hata hivyo, wingi wa chakula si lishe bora. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015–16 ulionesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo, na asilimia 10 walikuwa wembamba kupita kiasi.

Binti anayeshinda na njaa ili apungue, jioni hulemewa na njaa hiyo akala kupita kiasi. Akizoea kula kwa siri na kujitapisha, huo ni ugonjwa, si utovu wa adabu. Apelekwe kituo cha afya.

Tahadhari pia na vidonge. Deksamethasoni inayotumiwa kunenepesha hudhoofisha mifupa na kupandisha sukari mwilini. Sibutramini, iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuhatarisha moyo, imewahi kukutwa imefichwa katika bidhaa zinazoitwa za mitishamba.

Tunashauri:

- Usinunue dawa ya kubadili umbo mtaani au mtandaoni. Dawa itolewe na mtaalamu wa afya.
- Familia ile pamoja, milo mitatu, yenye maharage, mboga na matunda. Soda na chipsi visiwe vya kila siku.
- Binti apate dakika 60 za michezo au kazi za kuchangamsha mwili kila siku.
- Asitaniwe kwa unene wala wembamba. Utani huo ndio humpatia muuza vidonge mteja.