MACHO YA WANAFUNZI NA MATUMIZI YA SIMU NA KOMPYUTA

Wazazi, walimu na watumishi wa Serikali wa Unguja na Pemba wanaombwa kulizingatia jambo ambalo mara nyingi hufahamika ndivyo sivyo. Mwanafunzi anayekosea kunakili kutoka ubaoni, au anayekunja uso kila atazamapo mbali, huitwa mvivu au mzito wa kufahamu. Kumbe huenda haoni. Naye halalamiki, kwani hudhani kuwa wenziwe wote wanaona kama aonavyo yeye.

Hali hiyo huitwa uoni wa karibu. Husababishwa na jicho kurefuka kupita kiasi, hata taswira ya kitu kilicho mbali ikaangukia mbele ya retina, yaani ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Jicho likisharefuka halirudi lilivyokuwa. Aidha, mtoto anayeanza mapema huwa katika hatari zaidi ya kuathirika vibaya, na ukubwani retina yake huweza kubanduka na kumletea upofu.

Wengi huamini kwamba mwanga wa simu huunguza macho. Sivyo. Madhara yanayohofiwa zaidi ni mawili: kwanza, mtoto hutazama kitu cha karibu kwa muda mrefu bila ya kupumzika, pili, hubakia ndani na kukosa mwanga wa mchana. Mwanga wa nje, hata chini ya kivuli cha mwembe, huushinda ule wa darasani mara nyingi. Wataalamu wanaona kwamba mwanga huo huichochea retina kutoa dopamini, kemikali inayosaidia kulizuia jicho lisirefuke mno.

Huko Guangzhou, nchini China, wanafunzi wa darasa la kwanza katika baadhi ya skuli waliongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya masomo. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2015 yalionesha kwamba baada ya miaka 3, asilimia 30.4 kati yao walikuwa wamepata uoni wa karibu, ikilinganishwa na asilimia 39.5 ya wale ambao hawakuongezewa.

Sisi jua tunalo mwaka mzima, wala halinunuliwi. Lakini mtoto anayetoka skuli akaenda chuoni, kisha masomo ya ziada, na usiku akapewa simu, hulipata lini? Kwa hivyo, hapana budi kuzingatia yafuatayo:

(a) Mtoto apate takriban saa 2 za kuwa nje kila siku, bila ya kulitazama jua lenyewe. Mapumziko ya skuli yasifutwe kwa ajili ya adhabu.

(b) Kila baada ya dakika 20 za kusoma au kutumia simu, atazame kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20. Kitabu au simu isisogezwe karibu zaidi ya sentimita 30.

(c) Kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019, mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku mbele ya televisheni au simu.

(d) Mwanafunzi anayeshukiwa kutoona vyema akalishwe mbele, na mzazi wake ajulishwe ili ampeleke kupimwa.

Ifahamike pia kwamba miwani iliyopimwa vyema haiharibu macho. Kabla ya kumwadhibu mtoto kwa kutonakili somo, aulizwe kwanza iwapo anauona ubao.